Kugeuza Kurasa za Auntie Kerubo, Mpaka Leipzig

Ilikuwa Jumapili, saa nne na robo asubuhi, nilipoanza kazi ya kugeuza kurasa kanisani kwetu Apple Valley, huku ughaibuni. Auntie Kerubo, nesi mstaafu anayepiga kinanda, alinichagua kwa sababu siongei sana.

"Simama kushoto kwangu," aliniambia. "Nikitikisa kichwa, geuza. Usiimbe, na usiniguse."

Ibada ikiisha, huwa ananirudisha nyumbani Lakeville kwa gari lake.

Nyinyi mtakaoifanya kazi hii baada yangu mjue kwamba mgeuza kurasa hutazama uso wa mpigaji kuliko noti. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Kichwa chake kilitikisika kwa wakati, ila macho hayakuwa kwenye karatasi. Kisha Jumapili moja, akinirudisha nyumbani, tukapita taa nyekundu bila kusimama. Akacheka, "Hizi taa zao."

Mwaka huu kwaya yetu ilialikwa Leipzig. Mji ule una sanamu za watunzi wa muziki, na kwenye tramu watu wamekumbatia fidla kama watoto. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilimchunguza Auntie. Kwenye jumba la michoro alisifu kila mchoro, "Rangi nzuri sana," hata ule wa mkaa mtupu.

Mchana tulifanya mazoezi kanisani, kwenye kinanda cha mabomba kilicho juu kwenye roshani. Akatikisa kichwa. Sikugeuza. Akapiga mpaka mwisho bila kukosea.

Wengine waliposhuka, akauliza, "Mbona hukugeuza?"

"Umejuaje, Auntie?"

"Sikusikia karatasi."

"Kwani huoni?"

"Naona ya kutosha. Nyimbo nazijua kwa kichwa."

"Na barabara je?"

Akafunga kinanda polepole. "Moraa, ukisema, watanitoa hapa."

"Sijauliza kinanda. Tukirudi nyumbani, nani ata-drive kutoka airport?"

"Si ni mimi. Gari liko pale pale. Na wewe unapanda, kama kawaida." Akashika reli ya ngazi. "Nilidhani wewe ni mpole."

Sikulala vizuri. Labda sitaitwa tena kugeuza kurasa, na ninaipenda kazi hii kuliko kitu chochote pale kanisani. Lakini nikiifikiria ile taa nyekundu, naona ni afadhali nistaafu mapema.

Asubuhi, tukinywa chai hotelini, nilimpigia baba simu mbele yake. Kwetu ulikuwa bado usiku, naye alikuwa zamu kazini kwake Plymouth. Nikamwomba aje atuchukue sote wawili uwanja wa ndege.

"Kwani gari la Auntie lina shida gani?"

Nikampa Auntie simu amjibu mwenyewe.