Sebule Tupu

Leo mikeka ya Kijapani imefika hapa Qantab, pwani ya Omani, kwenye nyumba ya wageni ambayo ramani yake niliichora mimi, na ilipokunjuliwa chumba kizima kikanukia nyasi kavu. Mwenye nyumba hataki humo kiti wala picha.

Nyumbani kwetu sebule tupu niliiona mara moja tu, nikiwa mtoto. Makochi yalitolewa uani, ikatandikwa mikeka ya ukindu ya bibi, ile ya Unguja, nami nikagaragara juu yake nikicheka.

"Bibi, leo tuna harusi?"

"Matanga, mjukuu wangu. Ya mama yako."

Sasa mwenye nyumba kavua viatu, kakaa chini, kashusha pumzi.

"Wallahi chumba kitupu kina raha yake. Mbona huingii?"

Nimemjibu kutoka mlangoni kwamba kamba za viatu vyangu zimekataa kufunguka.