Ufa Chini ya Ndoo

Mwaka juzi, mwishoni mwa mwezi wa pili, baridi ikiwa bado imeishika Brussels, nilitoka kwenye balkoni yangu ghorofa ya tatu, karibu na uwanja wa Flagey, kupima mahali pa kupangia vyungu. Mpango nilikuwa nimeshauchora nyuma ya kalenda kuukuu: lengalenga, ule mchicha wa kwetu, ukutani, nyanya pale jua linapofika, pilipili karibu na mlango. Mwaka uliotangulia nilikuwa na ndoo na vyungu kumi na viwili. Safari hii nilitaka ishirini, kwa sababu mama yangu alikuwa amekuja kukaa nami, na tangu atoke Bukavu alikuwa hali chakula vizuri.

Nikasogeza ndoo kubwa ya pembeni, iliyojaa udongo ulionyeshewa majira yote ya baridi. Chini yake kulikuwa na ufa. Ulitoka ukutani ukaenda karibu kufika kwenye vyuma vya ukingo, na kidole changu cha mwisho kiliingia. Nikabaki mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikiogopa kuuvuta ule wa nje.

Chini yangu aliishi mama kijana wa kutoka Lubumbashi. Kila mchana alimlaza mtoto wake mchanga kwenye kigari, pale balkoni, amemfunika mpaka kidevuni. Alisema ndani mtoto hapati usingizi. Kigari kilikaa sawasawa chini ya ndoo yangu.

Ningependa kusema kwamba nilishuka saa ile ile. Sikushuka. Mkataba wa nyumba ulikataza vitu vizito kwenye balkoni, nami nilikuwa nimeusoma na kutia saini. Mwenye nyumba akinifukuza, mama nitampeleka wapi? Siku mbili nilizunguka na hofu hiyo. Kazini, nikiwaogesha wazee, nilisikia kishindo ambacho hakikuwapo. Kila gari la wagonjwa lilipopita likilia, nilisimama nisikilize linaelekea wapi.

Mama ndiye aliyegundua. Aliniuliza kwa nini sasa ni mimi nisiyekula. Nikamwonyesha ufa kupitia kioo cha mlango, nikamweleza habari ya kigari. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Nyumba tutapata ingine," akasema. "Shuka."

Nilipogonga kwa jirani, mlango ulichelewa kufunguliwa. Akatokea, mtoto begani.

"Usimulalishe tena mutoto kwa balkoni," nikamwambia. "Juu yenu kuko ufa, na vyungu ni vyangu."

Alikwenda kukiingiza kigari, kisha akarudi akauliza nimejua tangu lini. Nikamwambia siku mbili. Akafunga mlango polepole, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Mwenye nyumba nilimpigia simu nikiwa pale pale kwenye ngazi. Kesho yake fundi akaja, akajifunga mkanda, akavitoa vyungu kimoja kimoja, mimi nikivipokea mlangoni. Vilipokwisha, akagonga zege kwa nyundo mara tatu tu. Kipande kikubwa kama mkate kikabanduka upande wa chini, tukakisikia kikipasukia kwenye balkoni ya jirani. Baadaye fundi alieleza kwamba nondo zilikuwa zimeliwa na kutu miaka mingi, na uzito wa vyungu vyangu ulikuwa umeharakisha tu. Mwenye nyumba alinikaripia sana, lakini hakunifukuza. Balkoni zote mbili zikafungwa kwa matengenezo.

Mwaka ule tulipanda lengalenga tu, ndani, kwenye makopo mawili dirishani.

Jirani hakunisalimu mpaka Pasaka. Siku hiyo tulikutana kwenye ngazi, mtoto begani na mizigo mikononi, akaniomba nimpokee mtoto kidogo atafute funguo. Nikamshika kwa mikono yote miwili, mgongo nimeubana ukutani, nikaogopa hata kupumua mpaka mama yake alipomchukua tena.