Uso wa Mama Masizi

Mpishi wa shule akistaafu, mara nyingi hupewa saa ya ukutani na makofi, basi. Mama Masizi yeye alipewa bwalo zima. Shule ya bweni aliyoipikia tangu usichana wake ilijenga bwalo jipya, ikaamua liitwe kwa jina lake, na picha yake itundikwe juu ya mlango wa jikoni.

Jina hilo la Masizi alipewa na wanafunzi. Alikuwa mweusi tii, na akitoka jikoni mikono imejaa masizi ya masufuria, wakawa wanaulizana wapi mama anaishia na masizi yanaanzia. Miaka ikapita, dhihaka ikageuka mapenzi. Lakini mwenye jina hasahau lilikoanzia, jamani. Nakaa nao ukuta kwa ukuta, yeye na bintiye, na siku alipoambiwa habari ya picha nilimsikia akimwambia mwanawe neno moja tu.

“Nichore, mwanangu. Lakini usinioshe.”

Binti ni mchoraji kwenye duka la uchapaji. Anachora kwa kompyuta: nembo, kadi, mabango ya harusi. Tunamwita Dada Nukta kwa sababu ya ubishi wake juu ya rangi. Ukitaka rangi ya chungwa ishuke mpaka buluu, atakwambia, usizitupe hizo mbili tu ukaiachia kompyuta, zitakutana katikati ziwe majivu. Ongeza nukta. Weka ya waridi hapa, ya zambarau pale, kila moja iishike nyenzake mkono, hata jicho lisijue zilipopokezana.

Uso wa mama yake aliuchora hivyo hivyo. Programu yake ina kitu kama wavu. Unautandaza juu ya shavu, kila fundo unalipa rangi yake, na rangi zinatiririka zenyewe kutoka fundo hadi fundo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba weusi si rangi moja. Kwenye paji la uso, mwanga wa dirisha ulipopiga, alitia buluu. Mashavuni shaba. Chini ya kidevu zambarau ya biringanya. Pembeni mwa pua kulikuwa na wekundu wa tofali ambao huuoni kabisa, mpaka auondoe kukuonyesha, na uso unakufa papo hapo. Alipomaliza nilichungulia kwenye kioo cha kompyuta nikakaribia kutoa shikamoo.

Mama mwenyewe hakutaka kuchungulia. Alisema ataiona ukutani, kama wageni wengine.

Sasa sikilizeni uchafu wa watu. Pale dukani kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika wala kuipitisha. Uso wowote unaokwenda kuchapwa, fundi wa mashine anaung'arisha kwanza. Haulizi. Bibi harusi, marehemu, mtoto wa kipaimara, wote wanapandishwa mwanga, maana wateja wanapenda, anasema. Dada Nukta aliiacha kazi yake kwa fundi akaenda nyumbani kumwandaa mama. Hakumwambia fundi asiiguse, kwa kuwa haikumpitia akilini kwamba mtu ataigusa. Ubao wa picha ukachapwa, ukapakiwa kwenye gari la duka, ukapelekwa moja kwa moja shuleni na kutundikwa.

Tuliingia bwaloni mapema, sisi watatu, wageni hawajaingia. Mama Masizi alikuwa amevaa vizuri, ameshika mkono wa bintiye. Akainua macho juu ya mlango wa jikoni.

Pale juu alikuwepo mwanamke wa rangi ya chai ya maziwa. Tena si rangi moja iliyotulia. Fundi alipovuta mwanga juu, miteremko yote ile ilikatika, ngozi ikawa ngazi ngazi, mstari juu ya mstari, kama ukuta uliovuja maji. Buluu imekuwa kijivu. Tofali limekufa.

Mama akatugeukia.

“Mwambieni huyo bibi harusi,” akasema, “sufuria ziko huku nyuma. Aje tumwone.”

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamwona anavyoficha mikono yake chini ya mtandio, nikaacha.

Dada Nukta alitoka nje kumpigia fundi simu. Nilimfuata. Simu aliiweka spika, nikasikia pande zote mbili. Alimtukana fundi matusi yote, akamwuliza nani alimtuma kumwosha mama wa mtu kama sufuria. Fundi alimwacha amalize. Halafu, kwa sauti isiyo na ugomvi, na hilo ndilo lililouma, akajibu:

“Dada, mbona mama za watu nawang'arisha miaka yote, wewe umekaa meza ya pili unaniona?”

Dada Nukta akakata simu. Hasira haikumtoka, iliongezeka tu, ila sasa haikujua imkabe nani peke yake.

Alirudi ndani, akavuta meza, akapanda, akaushusha ubao. Mwalimu mkuu alikuja mbio akilalamika kwamba wageni wako getini, atafunguaje bwalo na misumari mitupu ukutani. Picha si mbaya, tena inapendeza. Dada Nukta akamwambia mama hajafika bado, atafika uso wake ukichapwa upya. Mwalimu mkuu akamgeukia mama mwenyewe amsaidie.

“Niletee kiti,” mama akasema.

Akaketi chini ya misumari, mlangoni pa jikoni, mikono imetoka kwenye mtandio na kulala magotini. Wageni waliingia wakamkuta hapo. Waliosoma zamani, wengine wana mvi, walipanga foleni kumwamkia kama walivyopanga foleni ya uji, na hakuna aliyeuliza picha iko wapi.

Siku duka lilipofunguliwa tena, Dada Nukta alisimama kando ya mashine mpaka uso wa mama yake ukatoka wote, na wekundu wa tofali umo. Lakini hakurudi kukaa. Kazi iliyofuata ilikuwa bango la harusi lenye uso wa mama wa bwana harusi, na mwenyewe, mweusi vilevile, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri. Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe pale unapokwendaga. Ukasita. Akamwangalia Dada Nukta.

“Na huyu tunamwacha hivi hivi?”

“Si yule pale? Muulize.”

Fundi akajikuna shingo, akamgeukia mama wa watu, akamwuliza kwa adabu zote kama angependa wamng'arishe uso kidogo.

Mama yule akafunga kipochi chake.

“Kwani uso wangu umeuona una nini?”