Njoo na Kitambulisho

Walimwita Mama Siri. Alizunguka hospitali, shule na mabenki akiwafundisha watu sheria ya kulinda taarifa binafsi, na kazi hiyo aliifanya kama mtu anayepiga pasi nguo za jirani. Tangu amzike mumewe, hakuna kilichomgusa.

Hospitali moja ilikuwa na karani wa mapokezi asiye na kifua hata kidogo. Akiulizwa kwenye simu, alitangaza ugonjwa wa mtu ukumbi mzima ukisikia. Mama Siri akamkalia kooni.

"Ndugu akipiga, muulize mgonjwa kwanza. Akikubali, mpe simu waongee. Kama mgonjwa hawezi tena kuulizwa, usiseme lolote. Mwambie ndugu aje mwenyewe, na kitambulisho."

Karani akacheka. "Mama, sheria yako ina roho ya chuma!"

Baada ya wiki chache, kaka yake Mama Siri alilazwa hospitali hiyohiyo. Aliingia kwa miguu yake, akilalamikia homa tu na ugumu wa kitanda. Kesho yake Mama Siri akapiga simu kumjulia hali.

"Subiri kidogo, mama," karani akasema, akaenda wodini. Aliporudi alikuwa ameshusha sauti, yeye ambaye hakuwahi kuishusha kwa mtu.

"Njoo mwenyewe, mama. Na kitambulisho."

"Umefanya vizuri," Mama Siri akamwambia, kama anavyowaambia wote wanaofaulu somo lake. Akakata simu, akafungua mkoba kutazama kama kitambulisho kimo.