Simu Iliyonikuta Kwenye Shamba la Maboga

Jumamosi moja ya Aprili 2017, mimi na mume wangu tuliwatoa watoto nyumbani kwetu Kensington tukawapeleka nje kidogo ya Johannesburg, kwenye shamba ambalo familia huenda kujichumia maboga. Binti yetu alikuwa na miaka sita, mdogo wake wa kiume minne. Walikuwa wanahangaika na boga lililowashinda kulibeba simu yangu ilipolia. Alikuwa kaka yangu, kutoka kwetu Kakamega, Kenya.

"Dada, Mama ametuacha," alisema.

Nilikaa chini kwenye udongo. Mume wangu alinishika bega. Watoto walipokuja mbio kuuliza kuna nini, niliwajibu kwa Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo, maana nyingine haikunijia.

"Nyanya amekufa."

Walitazamana. Wao walizungumza Kiingereza, na Kiswahili chao kilikuwa cha jikoni tu. Mwanangu aligeuka akalitazama shamba zima, kisha akaniuliza kwa Kiingereza hizo nyanya ziko wapi, mbona yeye anaona maboga peke yake.

Dada yake alicheka. Sikuwa na nguvu za kumkemea. Angemlilia nani? Mama yangu kwao alikuwa sauti ya kwenye simu tu, iliyosema maneno wasiyoyaelewa.

Tulipokuwa tunarudi, walilala kwenye kiti cha nyuma. Mume wangu aliuliza kama awaeleze wakiamka.

"Utawaeleza nini?" nikamwambia.

Nililia kwa sauti njia nzima, na hakuna aliyeamka.