Pumzi ya Amuron

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, Brigid Amuron alipuliza kwenye kipimo cha pumzi katika zahanati moja ya Malaba. Daftari linaonyesha kipimo kilisoma kumi na tisa. Asiyevuta sigara hutarajiwa kuwa chini ya kumi.

“Mama, umevuta,” alisema Callistus, muuguzi wa mradi wa kuacha sigara.

“Niliacha siku ya Jamhuri, Desemba, daktari. Hiyo mashine yako iniambie nilivutia wapi.”

“Mashine haina urafiki na mtu.”

“Hata mimi sina urafiki nayo.”

Amuron ana miaka hamsini na minne. Hukaangia madereva wa malori chapati ndani ya kibanda cha mabati. Kwa miaka thelathini alivuta kama bibi zake walivyovuta, ncha yenye moto ikiwa ndani ya mdomo. Novemba alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, akaambiwa akivuta tena mguu utafuata. Vibandiko vya dawa, anavyobandika mkononi kupunguza hamu, alivipata bure kwenye mradi.

Callistus aliposogea karibu, alisikia harufu ya makaa kwenye leso ya Amuron. Kipimo husoma gesi ya moshi. Hakiwezi kujua kama imetoka kwenye sigara au kwenye jiko. Alimwomba afunge kibanda siku mbili. Jumamosi alipuliza tena: nne.

Callistus alituma kipimo hicho makao makuu ya mradi, yakajibu kwamba kinachohesabiwa ni kipimo cha siku ya miadi. Walioacha sigara katika kliniki ya mradi hapo Malaba wakabaki kumi na wawili, wote wanaume. Wanawake wanane wanaopikia makaa, Amuron akiwa mmoja wao, waliandikwa wameshindwa. Mradi ulikuwa umetumia shilingi laki nne na elfu themanini, yaani elfu arobaini kwa kila aliyeacha. Kikomo cha mfadhili ni elfu thelathini; kliniki inayokipita hufungwa. Kama wale wanane wangehesabiwa, ingekuwa elfu ishirini na nne.

Callistus alimwonyesha Amuron hesabu hiyo.

“Kumbe chapati ndizo zimefunga kliniki,” alisema Amuron.



Kliniki inafungwa Ijumaa, tarehe 28 Machi. Siku hiyo Amuron atapewa vibandiko vitatu vya mwisho, kimoja kwa siku kuanzia Jumamosi. Mlango wa pili kutoka kibandani kwake, Emong anauza sigara mojamoja. Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, Amuron atawasha jiko bila kibandiko.