Akina Isaka Wawili

Harufu ya naftalini hunirudisha moja kwa moja kwenye shamba la ngano karibu na Rongai, miaka ya hamsini, mezani kwa memsahib mmoja Mmarekani. Baba alikuwa mpishi wake. Mimi, msichana wa miaka minane, kazi yangu ilikuwa kumenya njegere na kusikiliza yasiyonihusu.

Memsahib alikuwa na sanduku la karatasi za ukoo, lililonuka naftalini iliyotiwa kuzuia wadudu. Mababu zake, alimweleza baba, walifukuzwa Ufaransa kwa ajili ya dini yao, wakakimbilia Amerika. Mwaka mzima amewatafuta jina kwa jina, maana mama yake alikuwa mgonjwa huko kwao na alitaka kuwajua kabla hajafa. Sasa amekwama kwa Isaka mmoja ambaye, ukifuata karatasi, aliishi miaka mia moja na thelathini. Jamaa zake wakamwandikia kwamba ukoo wote ni wa kubuni. Alilia mezani, jamani, mzungu mzima, supu ikapoa.

Baba akaingia kuchukua bakuli, akaniita kama alivyoniita siku zote: "Mama, lete kitambaa."

Memsahib akainua uso. Kuuliza si ujinga, akauliza kwa nini mtu mzima amwite mtoto mama.

Baba hakuwa na haraka. Akamweleza kwamba kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na mvulana wa kwanza la babu yake, na huheshimiwa kama mwenye jina.

"Huyu ni Wambui, mama yangu," akasema. "Na Wambui mwingine, aliyenizaa, nilimzika hapo nyuma ya ghala. Labda Isaka wako pia ni wawili, babu na mjukuu."

Kumbe! Kabla jua halijatua memsahib alikuwa amewapata: babu aliyezaliwa Ufaransa, mjukuu aliyefia Amerika. Barua ikapelekwa posta Nakuru, na tulisikia baadaye kwamba yule mama mgonjwa aliisoma mwenyewe. Nami nikatembea kifua mbele wiki nzima, nikiwatangazia wenzangu kwamba nimefufua Wafaransa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa lililobaki. Nyuma ya ghala hapakuwa na kaburi la kuonyesha. Trekta ilishapita, ngano ikapandwa. Baba hakuwa na sanduku, wala karatasi, wala jiwe. Alikuwa na mimi. Kila aliponiita mbele ya yule memsahib, alimtaja mama yake juu ya udongo alimolala.

Naitwa Wambui. Nikiulizwa jina, nalitamka mpaka jirani asikie.